Barabara Ilifungwa Bibi Akiwa Njiani

Wiki iliyopita fundi wa magari aliye jirani na ofisi yetu alichoma matairi mabovu nyuma ya gereji yake. Moshi ukaingia madirishani, mweusi na mzito, na wenzangu wakainuka kufunga vioo huku wakimlaumu. Mimi nilibaki kitini. Viganja vyangu vikaanza kusikia uzito wa mbao ambazo sijazishika tangu nikiwa mtoto. Dada ninayekaa naye meza moja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka bibi yangu. Akanitazama, akautazama ule moshi, kisha akarudi kwenye kazi yake bila kuuliza zaidi.

Watu wengi wa rika langu wakimkumbuka bibi hukumbuka harufu ya maziwa ya mgando, au moshi wa kuni, au sabuni ya kipande. Bibi yangu mimi alinukia udongo. Harufu ya tairi haikuwa yake. Ilimkuta siku ya mwisho akiwa ndani ya jeneza, naye hakuwa na habari nayo. Lakini vitu hivyo viwili vimeshikana kichwani mwangu, na siku hizi sijaribu tena kuvitenganisha.

Bibi Melania alikuwa mama yake baba. Alizeekea kijijini, huko juu njia ya Namanyere, mahali ambapo upepo hauna mti wa kuuzuia. Alilima mahindi na ulezi, na sifa yake kubwa ilikuwa matuta. Kwetu Ufipa tuta halitengenezwi ovyo. Majani hukatwa, yakakusanywa, yakafukiwa na udongo ili yaozee humo ndani yawe mbolea, na tuta la Bibi lilikaa duara safi hata wapita njia walisimama kuangalia. Alipoanza kuumwa, baba alimleta kwetu Kizwite, Sumbawanga mjini, ili awe karibu na hospitali. Hata hapo mjini, akitembea kwa kushika ukuta, alichukua jembe akapiga matuta nyuma ya nyumba, kati ya choo na kamba ya kuanikia nguo. Mimi ndiye niliyemkusanyia majani. Kwa akili yangu ya darasa la pili, matuta yalikuwa kitu cha Bibi, kama chaki ilivyokuwa kitu cha mama.

Mama alikuwa mwalimu. Kwao ni Mbeya; alipangiwa kazi Sumbawanga, akakutana na baba, akabaki. Kifipa alikielewa, lakini akikisema kilimtoka kimepinda, na Bibi alikuwa akicheka hadi akakohoa. Shangazi Skola, dada mkubwa wa baba, yeye hakucheka. Kila alipokuja kumjulia hali Bibi alimsalimia mama kwa Kiswahili safi cha ofisini, kisha akageuka kuzungumza Kifipa na mama yake kwa kasi ambayo mama asingeweza kuifuata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempa mama kiti cha mgeni, na miaka ilikuwa ikipita bila kumwambia ahamie cha mwenyeji.

Bibi alifariki hospitalini wakati ule wa mwaka ambapo asubuhi za Sumbawanga unaona pumzi yako ikitoka mdomoni. Mama alirudi nyumbani amebeba kanga za Bibi zimekunjwa, akazianika kamba nzima ingawa hazikuwa zimefuliwa, akasimama kuzitazama. Baba hakulia. Alipiga simu, akapokea watu, akatafuta pikapu ya kukodi, akawa anatembea huku na huku katika nyumba ile ndogo. Nilikuwa nikimchunguza kwa sababu nilisikia watu wazima wakisema kwamba mtu akifiwa na mama yake lazima alie, nikawa nangoja aanze.

Jioni, wakati wanawake wanapika uani, nilimsikia Shangazi akizungumza na Mama Odilia, jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa jumuiya yetu ya sala.

"Kule kijijini wameshachimba," alisema Shangazi. "Kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi linaita mwingine."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mvua, akaendelea kusonga ugali. Mimi sikula. Nilianza kuwapitia watu wa nyumbani mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani angeitwa.

Asubuhi tulikwenda mochwari kumchukua Bibi. Nje ya geti kulikuwa na pikipiki nyingi, na vijana wa bodaboda wamekaa juu yake kimya, wengine wameinamia mikono yao. Niliona fahari. Sikujua kwamba Bibi alikuwa anajulikana na watu wengi hivyo mjini.

Wanaume wengi wa ukoo walikuwa wametangulia kijijini kwa ajili ya kaburi. Waliobaki na sisi ni baba na wanaume wawili wa jumuiya, ambao walikaa mbele na dereva. Nyuma ya pikapu tuliketi wanawake, tumelizunguka jeneza: mama, Shangazi, Mama Odilia na wenzake wachache wa jumuiya, nami nimebanwa katikati. Msalaba wa mbao wenye jina la Bibi aliushika baba, ukitokeza dirishani. Wanawake waliimba taratibu. Tuliupita mji, tukazipita nyumba za mwisho, na pale yanapoanza mashamba gari likapunguza mwendo, kisha likasimama.

Barabara ilikuwa imefungwa. Mawe makubwa yalipangwa kutoka upande hadi upande, na katikati yake tairi lilikuwa linaungua. Nyuma ya mawe walijaa vijana, wengine na matawi mikononi, wengine wamefunga vitambaa kichwani, na walikuwa wakiimba kwa pamoja, wakipiga makofi: tunataka matuta, tunataka matuta.

Nilimvuta mama kanga. "Mama, wanamtaka Bibi."

"Nyamaza, Oliva."

Nilinyamaza, lakini niliwahurumia sana. Wamekuja watu wote hawa, wamechelewa. Wangekuja mwezi mmoja nyuma wangemkuta ana nguvu, angewaonyesha.

Baba alishuka. Kijana mmoja mrefu, amebana helmeti kwapani, akaja kumpokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuna maiti."

"Tumeona, mzee. Poleni sana." Alilitazama jeneza, akavua kofia yake ya sufu. "Na sisi wa kwetu yuko huko huko mochwari mlikotoka. Deo, mwenzetu wa kijiweni. Lori limemfuata upande wake likamgonga. Tangu lami hii iwekwe watu wanaisha hapa, na kila siku tunaahidiwa. Leo hapiti mtu."

"Nimekuelewa," alisema baba. "Ningekuwa wewe huenda na mimi ningekaa hapo. Lakini huyu ni mama yangu, na kaburi liko wazi linamngoja."

Yule kijana alirudi kwa wenzake, wakasemezana. Mmoja alikuwa anakataa, akirusha mikono. Wengine wakamshika bega. Wimbo ukapungua, ukakatika. Kisha yule mrefu akarudi.

"Tunafungua kwa ajili ya bibi," alisema. "Yeye peke yake. Mkishapita tunafunga."

"Mungu akubariki."

Wakaanza kuondoa mawe. Yalikuwa mazito, mengine ya kubebwa na watu wawili, na baba hakuwa mtu wa kusimama akitazama wengine wakimfanyia kazi. Alimpa mama ule msalaba, akakunja mikono ya shati, akaenda. Wale wanaume wawili wa jumuiya wakamfuata. Njia ilikuwa imeanza kuonekana, inatosha karibu gari moja, pale niliposikia ngurumo ya magari kutoka mjini na sauti ya kipaza sauti ambayo sikuelewa ilichosema.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Mlio kama wa bati kupasuka. Kitu kinachobiringika barabarani huku kinafuka. Vijana wakikimbilia mashambani, na mapapasi, yaani kandambili zile za plastiki, yamebaki yametawanyika kwenye lami. Upepo wa kwetu ukauchukua ule moshi mweupe ukatuletea, ukachanganyika na mweusi wa tairi, na macho yangu yakawaka. Mama alinifunika uso na kanga yake, lakini nilikuwa nimeshaona. Baba hakukimbia. Hakuona sababu ya kukimbia; alikuwa amelikumbatia jiwe kubwa tumboni, analipeleka pembeni. Askari waliomkuta hawakuwa na namna ya kujua kama jiwe lile lilikuwa linaondoka au linakuja. Walimchukua yeye na wale wanaume wawili, pamoja na yule kijana mrefu na wengine, wakawapandisha kwenye gari lao.

Baba aligeuka kututazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, mengi, yakidondoka kidevuni. Nikajisemea, sasa ameanza kulia. Nilifarijika kabisa, hadi leo naona aibu kidogo nikiukumbuka ule utulivu ulioniingia. Kisha lile gari likageuza, na wazo la pili likanipiga. Kaburi liko wazi, na baba amechukuliwa.

Dereva wa pikapu alikuwa anakohoa. "Mama zangu, mimi narudi mjini," alisema. "Gari si langu. Likivunjwa nitasema nini?"

"Turudi," alisema Shangazi. Alikuwa amekaa chini kabisa, ameegemea jeneza, kanga imelowa machozi. "Tumrudishe mochwari. Tungoje mdogo wangu aachiwe, tungoje barabara itulie."

"Hapana," alisema mama.

Sikuwahi kumsikia mama akimwambia Shangazi hapana.

"Hapana nini, wifi? Huoni?"

"Naona. Tunamteremsha hapa. Tutazunguka kwa shambani, nje ya moshi, hadi tuwe mbele ya mawe. Kule kuna magari yaliyozuiwa, hatutakosa moja la kugeuza."

"Tutamzungusha na nini?"

"Na mabega."

Shangazi alimtazama. "Mwanamke habebi jeneza. Sijui kwenu Mbeya, lakini huku hatujafanya hivyo."

"Hata kwetu hatufanyi. Wanaume wako wapi?"

Mama akasogea karibu na Shangazi, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa kati yao nikasikia kila neno.

"Aliniomba, wifi. Alisema, nikifa msinilaze mjini, usiku wangu wa kwanza niulale kwangu. Nikamwambia nimesikia, mama."

"Akuambie wewe? Kwa nini asiniambie mimi, mwanawe?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwogesha," alisema mama. "Mtu akiwa anaogeshwa husema mambo yake."

Shangazi aliinamia miguu yake. Nilidhani amekasirika. Kisha akavua viatu vyake vyeusi vya kanisani, akampa Mama Odilia avitie kwenye kikapu, akaifunga kanga kiunoni kwa nguvu kama anayekwenda kulima.

"Dereva, utusaidie kumteremsha," alisema. "Halafu nenda salama."

Yule dereva alitusaidia. Namshukuru kwa hilo. Alilishusha jeneza nasi kwa uangalifu, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akarudi kinyumenyume kuelekea mjini. Tukabaki wanawake na Bibi kando ya barabara, na moshi umetanda.

Mama alitia kanga kwenye maji ya mtaro, akaikamua, akatufuta macho wote, mimi kwanza na Shangazi wa pili. Wakaviringisha vitenge wakavitia mabegani. Mama akashika mbele kulia. Shangazi akashika mbele kushoto. Wengine wakashika kati na nyuma, Mama Odilia akahesabu, na jeneza likapanda. Nikasikia mama akivuta pumzi kwa meno.

"Oliva, chukua msalaba," alisema. "Tangulia. Tazama pa kukanyaga, na sisi tunakanyaga unapokanyaga wewe."

Ulikuwa mzito kwangu. Niliukumbatia kwa mikono yote miwili, nikashuka mtaroni, nikapanda upande wa pili, nikaingia shambani.

Lilikuwa shamba la matuta, mahindi yameshavunwa na mabua yamebaki. Mtu mzima asiye na mzigo huvuka shamba la namna hiyo kwa kuruka kutoka mfereji hadi mfereji. Watu waliobeba jeneza hawawezi kuruka. Mguu ukishuka kwenye mfereji, bega la upande mmoja linashuka nao, na uzito wote unamwendea mmoja. Mara ya kwanza walipotikisika vile, mmoja wa wale wanawake alipiga magoti, na nilisikia Bibi akisogea ndani ya sanduku. Sote tulisikia. Wakasimama wakihema.

Ndipo Shangazi akaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa wa kulimia, wa Kifipa, ule ambao watu waliojipanga mstari shambani huuimba ili majembe yashuke pamoja. Ulipoanza, miguu ikaanza kushuka pamoja. Mama hakuyajua maneno, lakini alishika sauti, na pale wenzake walipotamka yeye aliguna, naye hakukosea mwendo hata mara moja. Nikageuka kuwatazama. Nyuso zao zilikuwa zimelowa na nyekundu, hakuna aliyeweza kujifuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa juu. Nikageuka mbele tena, nikaongeza mwendo. Mimi nilikuwa na haraka yangu ambayo sikumwambia mtu. Tukifika, tukamweka Bibi, shimo likajaa, basi halitakuwa na nafasi ya baba.

"Polepole, mwanangu," aliita Mama Odilia kutoka nyuma. "Hatukimbizwi."

Kwa mawazo yangu tulikuwa tunakimbizwa.

Tulipanda tena barabarani mbele ya yale mawe, mahali ambapo magari yaliyotoka upande wa Namanyere yalikuwa yamekwama mstari mrefu. La kwanza lilikuwa basi la Kabwe. Abiria walikuwa wameshuka, wamekaa kwenye majani na mizigo yao, na wengi walikuwa wanawake wachuuzi wa samaki kutoka ziwani, na matenga ya migebuka na dagaa wakavu yamepangwa kando yao. Walipotuona tunatokea shambani na jeneza begani, mazungumzo yakakatika.

Mama mmoja mnene, mweusi wa kung'aa, akainuka. "Wanaume wenu wako wapi?"

"Wamechukuliwa," alijibu mama.

Yule mama hakuuliza wamechukuliwa na nani. Alifika nyuma, akamgusa Mama Odilia kiunoni ili atoke, akaingiza bega lake. Wengine wawili watatu wakafanya vivyo hivyo. Mikono yao ilinuka samaki, na wao wenyewe hawakuweka vitenge mabegani, walishazoea matenga.

Konda wa basi alisimama mlangoni. Alikuwa kijana, na alituangalia kwa hofu. "Hapana mama zangu, hili ni basi la abiria. Siwezi kupakia maiti. Abiria watakataa."

"Abiria ni akina nani?" aliuliza yule mama mnene.

Konda akawatazama waliokaa kwenye majani.

"Abiria ni sisi. Na sisi tumekubali. Mwambie dereva ageuze, mjini hatuingii leo, unaona mwenyewe. Awapeleke hawa kwao, halafu aturudishe hapa tuendelee kusubiri."

Dereva alikuwa mtu wa makamo, ameinamia usukani akitusikiliza. Aliwasha injini, akaanza kugeuza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwenye ile barabara nyembamba, hadi pua ya basi ikatazama Namanyere.

Jeneza liliwekwa katikati ya viti. Tulikaa pande mbili, mimi nimepakatwa na Shangazi, kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka. Basi lilipochukua mwendo nikapata ujasiri wa kumuuliza lile lililokuwa linanisumbua.

"Shangazi, sasa wale kaka matuta watatengenezewa na nani, na Bibi amekufa?"

Aliniangalia bila kuelewa. Kisha akaelewa. Kifua chake kikaanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka, anacheka hadi ameliinamia jeneza na kuliwekea paji la uso. Akamsimulia mama kwa Kiswahili, na mama naye akacheka, ameshika bega lake lililoumia. Ndipo Shangazi akanieleza kwamba kuna matuta mengine, ya lami, ambayo huwekwa barabarani ili magari yapunguze mwendo yasiue watu. Nikauliza kama Bibi aliyajua hayo. Akasema Bibi hakuwa na shida nayo, maana hakuwahi kukimbia mahali popote.

Matuta hayo yaliwekwa baadaye. Deo alizikwa wiki ile ile kijijini kwao, na baba alikwenda kwenye mazishi yake, akamchukua na mama. Yule kijana mrefu alikaa ndani muda mrefu kuliko baba, na alipotoka alikuja nyumbani kutupa pole, akakaa ukingoni mwa kiti na helmeti yake magotini. Nimewahi kusikia watu wakibishana kuhusu siku kama zile, mmoja anasema vijana wamekosea, mwingine anasema askari ndio waliokosea, na huwa nangoja mtu aulize juu ya waliokuwa wanapita tu. Kuwachukia wale vijana sijaweza. Walikuwa na maiti yao kama sisi tulivyokuwa na yetu, na walikuwa wameanza kutufungulia.

Kijijini wanaume walikuwa wamesimama njia panda tangu asubuhi. Walipoona basi linasimama na wanawake wanashusha jeneza, walikuja mbio. Baba mkubwa akanyoosha mikono kupokea.

"Leteni, sasa tupo."

"Tumetoka naye mjini," alisema Shangazi, bila kusimama. "Tutamfikisha. Nyinyi mshusheni kaburini."

Baba mkubwa akafungua mdomo, akaona sura yake, akaufunga. Wale wanawake wa ziwani waliotusindikiza hawakuondoka hadi jeneza likafika ukingoni. Kisha wakakumbatiana na mama na Shangazi, wakarudi kwenye basi lao na samaki wao. Jina la yule mama mnene hatukuwahi kulijua. Kwa miaka mingi mama alipokwenda sokoni aliwatazama usoni wauza migebuka mmoja baada ya mwingine.

Katekista aliongoza sala. Wanaume walishusha jeneza kwa kamba, udongo ukaanza kuingia. Watoto wengine walipelekwa kucheza, mimi nilikataa. Nilisimama na msalaba wangu hadi shimo likajaa, likapanda juu ya usawa wa ardhi, na wakauchukua msalaba mikononi mwangu wakausimika. Ndipo nikaketi chini pale pale, na Mama Odilia akanibeba kunipeleka jikoni kwenye moto.

Huko jikoni mama alikuwa ameteremsha blauzi bega moja. Lilikuwa limevimba, la zambarau, na ngozi imechunika. Shangazi alikuwa akichovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakikamua, analikanda. Mama akiguna, yeye alipunguza mkono. Lake mwenyewe lilikuwa vilevile, lakini hakukubali kuguswa kabla ya la mama kwisha.

Jua lilikuwa linazama baba alipofika. Walikuwa wamewaachia yeye na wale wanaume wawili. Hakuna aliyemweleza kwa nini amekamatwa wala kwa nini ameachiwa. Alitembea sehemu ya njia, sehemu nyingine akapewa lifti ya baiskeli. Shati lilikuwa limechanika na macho yake bado mekundu. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni akipita moja kwa moja hadi kaburini, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya ule udongo, akakaa hivyo. Kisha akaja. Akasimama mlangoni akitutazama, na nyuma yake wakasimama baba mkubwa na wazee wengine waliokuwa wamemfuata.

"Nimeambiwa gari lilirudi mjini tupu," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nani alimbeba mama?"

Mama aliinamisha kichwa. Shangazi hakuacha kukanda. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka begani kwa mama taratibu, ndipo akamjibu ndugu yake kwa Kiswahili ili kila mtu pale, na mama akiwemo, asikie.

"Mke wetu alishika mbele."